Watoto wa darasa la pili na mitandao ya kijamii: mwalimu aanzie wapi?

Swali: "Ninafundisha darasa la pili. Mwalimu mkuu anataka kila darasa liwe na ukurasa wake kwenye mtandao wa kijamii ili wazazi waone tunachofanya. Mwenzangu wa darasa la tatu ameshaanza, anaposti picha za watoto karibu kila siku, na anasema watoto wa leo wazoeshwe mapema. Kwangu kuna mzazi hataki kabisa picha ya mwanawe ionekane popote, na kundi letu la WhatsApp la wazazi limejaa mambo yasiyohusu darasa. Watoto wangu wana miaka saba na minane. Je, mitandao hii ina nafasi yoyote darasani kwao? Kama ipo, niitumieje bila kuwaweka pabaya?"

Jibu:

Mwalimu, nafasi ipo. Ni ndogo kuliko anavyodhani mwenzako, lakini ina faida kuliko anavyohofia yule mzazi. Msimamo wangu ni huu: akaunti iwe ya shule, maneno yawe ya watoto, msomaji awe mtu mnayemjua, na sura za watoto zisiwemo. Nitakueleza sababu na namna ya kufanya, kwa kuwa kuambiwa "kuwa makini" peke yake hakumsaidii mwalimu aliyesimama mbele ya darasa lililojaa.

Kwanza lile lisilo na mjadala: mtoto wa darasa la pili hafunguliwi akaunti yake ya mtandao wa kijamii. Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat zote zinataka mwenye akaunti ya kawaida awe ametimiza miaka 13. Umri huo unatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 ya kulinda faragha ya watoto mtandaoni, iitwayo COPPA, iliyoanza kutumika Aprili 2000. Sheria hiyo inaidai kampuni ipate ridhaa ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13, na kampuni nyingi ziliona nafuu kuwafungia watoto mlango kuliko kuhangaika na ridhaa. Kwa hiyo 13 haikuwekwa kwa sababu mtu aliipima akili ya mtoto akaona sasa ameiva. Wengine wameona hata 13 ni mapema. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, iliyoanza kutumika 2018, inataja miaka 16 kuwa umri wa mtoto kutoa ridhaa mwenyewe, ingawa nchi wanachama zinaweza kushusha hadi 13. Australia nayo, tangu Desemba 10, 2025, inayataka majukwaa makubwa yazuie akaunti za walio chini ya miaka 16. Wewe soma sheria ya nchi yako, lakini popote ulipo, mtoto wa miaka saba yuko mbali sana na mstari.

Kuna jambo linaloniuma zaidi kuliko sheria yenyewe. Akaunti ya mtoto wa umri huu hupatikana kwa kuandika mwaka wa kuzaliwa wa uongo, na mara nyingi mtoto amekaa pembeni anaangalia. Somo lake la kwanza kabisa kuhusu mtandao linakuwa kwamba fomu hudanganywa na hakuna linalotokea. Mwalimu asiwe sehemu ya somo hilo, hata mzazi akiomba.

Sasa tuje kwenye kile ambacho watoto hawa wanaweza kukipata. Kina umri mkubwa kuliko intaneti. Mwalimu Mfaransa aliyeitwa Célestin Freinet alirudi kutoka vita vya kwanza vya dunia na pafu lililojeruhiwa, hata kusema kwa muda mrefu darasani kukawa shida. Miaka ya 1920, katika kijiji cha Bar-sur-Loup, kwenye milima ya kusini mwa Ufaransa, akaingiza darasani mashine ndogo ya kuchapia. Watoto wakawa wanasimulia mambo yao, wanachagua kisa kimoja, wanakirekebisha pamoja, kisha wanapanga herufi na kuchapa. Mwaka 1926 darasa lake likaanza kubadilishana kurasa na darasa la mwalimu René Daniel huko Trégunc, pwani ya Bretagne. Watoto wa milimani wakawa wanawaeleza watoto wa baharini maisha yao, na wale wa baharini wanajibu.

Hapo ndipo uandishi wa mtoto mdogo unapobadilika. Haandiki tena ili daftari litiwe vema. Anaandika kwa kuwa kuna mtu mahali fulani hajui jambo ambalo yeye analijua, na mtu huyo atasoma kweli. Hicho, msomaji wa kweli, ndicho kitu cha pekee ambacho mitandao ya kijamii inaweza kumpa mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu. Vingine vyote vinavyokuja nacho, yaani laiki, wafuasi, idadi ya waliotazama, sijaona vikimfaa mtoto wa umri huo kwa lolote. Nimeona vikimchanganya. Mtoto wa miaka saba ukimwonyesha kwamba watu kumi na wawili wamependa mchoro wa darasa, atauliza ni akina nani na wanakaa wapi. Ukishindwa kumjibu, swali lake la pili ni kwa nini wa darasa lingine umependwa na wengi zaidi. Kwa hiyo ficha hesabu hizo. Kama jukwaa haliruhusu kuzificha, usifungue ukurasa wenyewe mbele ya watoto. Wasomee maoni kwa sauti yako.

Nikuonyeshe somo lenyewe lilivyo. Tuseme watoto wamepanda mbegu za maharage kwenye chupa za plastiki zilizokatwa, na asubuhi moja baadhi zimechomoza. Waambie: leo tutawatumia wazazi ujumbe mmoja, darasa zima. Mtoto wa kwanza atapaza sauti, "Limeota!" Liandike ubaoni hivyo hivyo, neno moja, kisha uliza: "Baba yuko kazini, anasoma 'limeota'. Ataelewa nini?" Watanyamaza kidogo, halafu mikono itaanza kunyooshwa. Hajui nini kimeota. Basi mnaandika, "Haragwe letu limeota." Mtoto wa nyuma atapinga, kwa sababu la kwake halijaota. Hapo umepata jambo kubwa, maana sasa itabidi mwende kuhesabu. Mnarudi na sentensi nyingine: "Maharage manne yameota, mawili bado." Atatokea mmoja anayedai yale mawili yalikosa maji. Muulize, tuna uhakika? Hatuna. Basi tuandike "tunadhani". Mwisho mnaongeza swali kwa msomaji: "Wewe unadhani ni kwa nini?"

Ni dakika kama ishirini tu. Ndani yake mna upatanisho wa sarufi, kuhesabu, tofauti ya kujua na kudhani, na kujiweka mahali pa mtu asiyekuwepo. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote kwa umri huu, na ndilo msingi wa adabu yote ya mtandaoni baadaye: mtu asiyejua kwamba msomaji hayupo darasani hawezi kufikiria msomaji huyo ataumia, atacheka au atadanganyika. Piga picha ya chupa, tuma. Kesho yake anza kipindi kwa kusoma majibu. Bibi wa mmoja wao atakuwa ameandika kwamba maji yakizidi mbegu huoza. Sasa darasa lina dhana mbili zinazopingana, na lina chupa za kujaribia.

Ujumbe wa namna hii mmoja kwa wiki unatosha. Ukizidi hapo, kazi inahamia kwako: unaanza kutafuta cha kuposti, unasimamisha somo ili upige picha, na watoto wanajifunza kukaa mkao wa kamera. Mwenzako anayeposti kila siku sina shaka anawapenda watoto wake, ila ningependa kumuuliza ni posti ngapi kati ya hizo zina sentensi iliyotungwa na mtoto. Picha ya watoto wakitabasamu yenye maelezo ya mwalimu ni tangazo la shule. Tangazo si dhambi, lakini tusiliite kujifunza.

Hoja yake ya kuwazoesha mapema naichukulia kwa uzito, maana hofu iliyo nyuma yake ni ya kweli: wengi wa watoto hawa tayari wanashika simu za nyumbani na wanaona mengi. Tofauti yetu ni kwamba mazoea wanayoyahitaji yanafundishika bila akaunti, na kwa umri huu yanafundishika vizuri zaidi kwa karatasi na kwa watu walio mbele yao. Mwezi wa kwanza usiwashe chochote. Tenga sehemu ya ukuta, wape vipande virefu vya karatasi, sentensi moja kwa kipande kimoja. (Twitter, ambayo sasa inaitwa X, ilianza 2006, ikaweka kikomo cha herufi 140 ili ujumbe uingie kwenye meseji ya kawaida ya simu yenye herufi 160. Kikomo kinasaidia kufikiri, na kwa mtoto wa darasa la pili sentensi moja ni kikomo cha haki.) Kila mmoja abandike lake, kisha achague la mwenzake na kulijibu kwa kipande kingine chini yake.

Majibu ndiyo yenye kazi. Mwanzoni wote wataandika "nzuri". Weka sharti kwamba jibu litaje kitu ulichokiona kwenye sentensi ya mwenzako, au liulize swali. "Umesema paka wenu ana watoto, wangapi?" ni jibu. "Nzuri" halijibu kitu. Siku atakapotokea aliyeandika neno la kuumiza, na atatokea, aliyeandika na aliyeandikiwa wako chumba kimoja, mmoja anamwona mwenzake uso unavyobadilika, na wewe upo. Mtandaoni angeandika na kwenda kucheza.

Lipo zoezi jingine ambalo sijaona linaloshinda katika kueleza habari ya kufuta. Chora mchoro mdogo wa kuchekesha, utoe nakala kadhaa na uzigawe. Wape ruhusa wagawiane, wengine waunakili kwa mkono, wengine waupeleke darasa la jirani. Baada ya kipindi kimoja sema: "Nimebadili nia. Nataka mchoro wangu wote urudi." Waache wahangaike kuukusanya. Watarudi na nakala pungufu, na watakuwa wanabishana nani alimpa nani. Usihubiri. Uliza tu ingekuwaje kama ule mchoro ungekuwa picha yao wakilia. Watoto wa miaka saba wanalielewa hilo papo hapo, wakati maneno kama "alama ya kidijitali" yanawapita juu.

Tena wafundishe kuomba ruhusa ya kupiga picha, na anza wewe. Kabla ya kupiga picha hata ya daftari, muulize mwenye daftari: "Nipige picha kazi yako? Nitawaonyesha wazazi wa darasa." Akikataa, shukuru na uende kwa mwingine, mbele ya wote. Mtoto aliyewahi kumkatalia mwalimu kwa heshima na kukubaliwa atakuwa na la kusema siku mtu asiyemfaa atakapomwomba picha.

Tufike kwenye picha, maana ndipo hatari nyingi zilipo. Usiangalie uso peke yake. Chukua picha yoyote ya darasani uliyonayo kwenye simu, ikuze, uisome kama mtu usiyemjua. Jalada la daftari lina jina kamili. Sweta ina nembo ya shule. Nyuma ukutani kuna ratiba inayoonyesha saa za kutoka, na pengine orodha ya siku za kuzaliwa ambayo wewe mwenyewe uliipamba. Mtu akiunganisha jina, shule na saa ya kutoka, anajua mtoto yupi atamkuta getini na amwiteje. Hiyo ndiyo sababu ya kusema picha ziwe za mikono, kazi, vitu na migongo, na zikaguliwe pembe hadi pembe kabla ya kutumwa. Faili la picha nalo hubeba taarifa zisizoonekana, zikiwemo za mahali ilipopigwa kama simu imeruhusiwa kurekodi eneo. WhatsApp huziondoa taarifa hizo picha inapotumwa kama picha ya kawaida, lakini ukiituma kama hati zinabaki. Zima kabisa kurekodi eneo kwenye kamera. Kama mmekwenda ziara, posti baada ya kurudi, kamwe si mkiwa bado huko. Matangazo ya moja kwa moja kutoka darasani usiyaguse.

Simu nayo iwe ya shule ikiwezekana. Simu yako binafsi mara nyingi hunakili picha zote kwenye hifadhi yako ya mtandaoni bila kukuuliza, na mwaka ukiisha utajikuta una albamu ya watoto wa watu kwenye akaunti yako mwenyewe, kando ya picha za harusi. Kama hakuna njia nyingine, zima kunakili huko, na ufute picha siku hiyo hiyo.

Yule mzazi aliyekataa, mwalimu, usimwombe sababu. Anaweza kuwa na kesi ya malezi, anaweza kuwa amemkimbia mtu anayemtafuta, mtoto anaweza kuwa wa kuasili, au hataki tu. Zote ni haki yake na haki ya mtoto. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ibara ya 16, unamlinda mtoto dhidi ya kuingiliwa faragha yake, na mwaka 2021 Kamati ya Haki za Mtoto ilitoa maelezo yake ya jumla namba 25 yanayosema haki hizo zinamfuata mtoto hadi kwenye mazingira ya kidijitali. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni lile la kumheshimu mzazi kwa kumwadhibu mtoto: kila picha inapopigwa, "wewe sogea pembeni". Au uso wake unazibwa kwa kikaragosi cha njano huku wenzake wote wanaonekana, na sasa kila mtazamaji anajua kuna mmoja mwenye jambo. Ukiamua kwamba hakuna sura ya mtoto yeyote, shida yote inaisha. Yule mtoto anashiriki kila kitu, sentensi yake inatumwa kama za wengine, na hakuna anayejua mzazi wake alisema nini.

Fomu ya ridhaa bado unaihitaji, lakini isiwe na swali moja la ndiyo au hapana. Tenganisha: kazi ya mtoto isiyo na jina kwenye ukurasa wa darasa, kazi hiyo hiyo kwenye kundi la wazazi, sauti yake kumfikia mwalimu wa darasa rafiki, yaani darasa la mahali pengine mnalotumiana nalo ujumbe. Mzazi akubali hiki akatae kile, na aandikiwe wazi kwamba anaweza kubadili nia wakati wowote na kitu kikaondolewa. Wengi waliokuwa wanakataa kila kitu huwa wanakubali sehemu wakipewa nafasi ya kuchagua.

Kundi la WhatsApp nalo lina tatizo kubwa kuliko kelele. Ndani ya kundi la kawaida kila mzazi anaona namba ya kila mzazi mwingine, na picha unayoweka huenda ikajihifadhi yenyewe kwenye simu za wote. Kelele unaimaliza kwa dakika moja: ingia kwenye mipangilio ya kundi, ruhusu maadmini pekee kutuma ujumbe, na uwaambie wazazi kwamba maswali ya mtoto mmoja mmoja yaje kwako faraghani. Namba zinahitaji hatua zaidi. Ukitumia orodha ya matangazo, kila mzazi anapokea ujumbe wako peke yake na jibu lake linakuja kwako tu, ila lazima awe amehifadhi namba yako, na orodha moja haizidi watu 256. Njia nyingine ni sehemu ya matangazo iliyo ndani ya jumuiya za WhatsApp, zilizoanza 2022, ambako wanachama hawaonani namba. Kwa ujumbe wa maharage ningeanza na orodha ya matangazo. Ndiyo njia iliyo karibu zaidi na msomaji anayejulikana: baba, mama, mlezi, bibi.

Utashauriwa utumie programu zilizotengenezwa kwa ajili ya shule, kama Seesaw au ClassDojo, badala ya mitandao ya kawaida. Kwa watoto wadogo hiyo ni hatua nzuri. Mzazi anaona kazi ya mwanawe bila ulimwengu mzima kuiona. Lakini usidhani neno "shule" kwenye jina la programu ni kinga. Edmodo ilikuwa mtandao wa kijamii wa shule uliopendwa na walimu duniani kote. Mwaka 2017 ilidukuliwa na taarifa za akaunti zaidi ya milioni 70 zikaibwa. Mwaka 2022 ikafungwa, na Mei 2023 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, ikatangaza adhabu ya dola milioni 6 dhidi yake kwa kukusanya taarifa za watoto na kuzitumia kwa matangazo bila ridhaa halali ya wazazi. Walimu waliokuwa wamewaandikisha watoto kwa jina kamili na tarehe ya kuzaliwa hawakuwa na namna ya kuzirudisha. Waliotumia jina la kwanza pekee, au namba ya dawati, walipoteza kidogo sana. Programu yoyote ikikuomba taarifa ambayo huoni somo linaihitajia nini, usiijaze. Kama hairuhusu kuendelea bila taarifa hiyo, tafuta nyingine.

Ukishazoea, kuna kitu ninachokipenda kuliko ukurasa wowote, nacho ni darasa rafiki. Tafuta mwalimu mmoja wa madarasa ya chini mnayeaminiana, awe mji mwingine au nchi nyingine, na mtumiane ujumbe wa sauti kati ya simu yako na yake. Hii inawafaa hata darasa la kwanza ambao hawajaweza kuandika. Watoto wanapanga watasema nini, wanafanya mazoezi, wanarekodi kwa zamu sentensi moja moja bila kutaja majina, wanasikiliza, wanaomba kurudia. Hapo utasikia jambo usilolisikia kwenye kipindi cha kusoma: mtoto anajisahihisha mwenyewe kwa sababu ametega sikio kwa niaba ya mtu mwingine. Intaneti ikiwa nzuri, mnaweza kucheza kwa simu ya video mchezo wa kubahatisha mahali: kila darasa linauliza maswali ya ndiyo au hapana mpaka ligundue wenzao wako wapi. Je, mko karibu na bahari? Huko sasa ni asubuhi? Mweke ramani ubaoni na watoto wafute sehemu zisizowezekana. Kamera ielekezwe kwenye ramani, si kwenye madawati. Sauti zikishasikilizwa pande zote mbili, zifutwe.

Kuhusu YouTube nitasema machache, kwa sababu hapo watoto ni watazamaji tu. Itazame video yote mwenyewe kabla, zima uchezaji wa kujiendesha, na simamisha kabla haijaisha, maana mapendekezo yanayojitokeza mwishoni hukuyachagua wewe na yatakuwa makubwa ukutani.

Ukienda kwa mwalimu mkuu, usiende na kukataa. Anachotaka ni wazazi waone shule inafanya kazi, na hilo ni takwa la haki. Mpelekee ujumbe mmoja wa watoto uliokwisha andaliwa, wa maharage au mwingine, umwonyeshe jinsi unavyoeleza zaidi kuliko picha ya watoto waliopangwa mstari. Kisha mwombe mambo matatu kwa maandishi: kwamba nenosiri la ukurasa wa shule likae kwa watu wazima wawili, ili mmoja akihama ukurasa usibaki bila mwenyewe au mikononi mwa aliyeondoka; kwamba maoni kutoka kwa wasiojulikana yafungwe; na kwamba mwisho wa mwaka kazi za darasa zifutwe mtandaoni baada ya kila mtoto kupewa zake kwenye karatasi. La tatu ndilo litakalopingwa, kwa sababu shule hupenda kutunza kumbukumbu. Lishikilie. Mtoto wa darasa la pili atakuwa kijana wa sekondari kabla hujageuka, na sentensi aliyoiandika akiwa na miaka saba ni yake kuitoa au kuificha.

Kama una nafasi ya jambo moja tu wiki hii, rekebisha kundi la WhatsApp. Ukuta wa karatasi uanze wiki ijayo. Ujumbe wa kwanza kwa wazazi usubiri mpaka watoto waache kuandika "nzuri".